Neno Nililomfutia Mwalimu

Mwalimu Ombati alizikwa mwezi uliopita nyumbani kwake, mwendo wa dakika kumi kutoka soko la Mosocho. Nilipopewa kijitabu cha mazishi pale langoni sikukifungua. Nilikibana kwapani, nikatafuta kiti cha nyuma, nikakaa nacho hivyo hadi ibada ikafika nusu, kwa sababu niliogopa kwamba nikikifungua nitaona kosa, na nikiona kosa nitataka kulisahihisha, hata kwa ukucha. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza kama sijui kusoma. Nikamwambia nimesahau miwani. Sivai miwani. Uongo wangu ndivyo ulivyo: mdogo, wa haraka, hakuna aliyeuomba, na baadaye naugeuzageuza kichwani wiki nzima. Kuna mwingine niliousema miaka minne iliyopita, kwa neno moja tu. Huo ndio nataka kuueleza hapa, pamoja na mwaka uliofuata, maana sijawahi kuueleza wote bila kujitafutia kisingizio katikati.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya isimu na Kiingereza, nikarudi kwenye chumba kile kile nilichokiacha. Dirisha lilitazama migomba. Kitandani nililala upande mmoja, upande wa pili vitabu. Ukutani, mahali dada zangu walikuwa wamebandika picha za waimbaji, mimi nilibandika orodha ya maneno ya Kiingereza na asili zake, kila neno na babu yake na mahali alipotokea babu huyo. Nilituma barua za kuomba kazi, kisha nikakaa kuzisoma upya baada ya kuzituma. Nikipata koma iliyokaa vibaya, naamini ndiyo iliyonikosesha. Majibu hayakuja. Nilianza kuogopa kwenda sokoni kwa sababu kila mtu aliniuliza swali moja, na kila jioni nilipanga jibu jipya la swali lile, la kutumia kesho yake.

Kilichoniokoa, au nilichodhani kimeniokoa, ni mazishi. Kwetu mtu akifa, nyimbo huimbwa kwa Ekegusii, hotuba hutolewa kwa Ekegusii, na watu hulia kwa Ekegusii, lakini kijitabu lazima kiwe cha Kiingereza. Kina picha za rangi, historia ya marehemu, na salamu za mwisho za mume au mke, za watoto, za wakwe. Mwenye salamu husimama mbele ya kipaza sauti na kuzisoma kama zilivyochapwa, huku umati ukifuata kwa kidole, hata wale ambao Kiingereza hakiwahusu. Hivyo kila kamati ya mazishi humtafuta mtu wa kunyoosha Kiingereza, na mwaka ule mtu huyo nilikuwa mimi. Wasichana wa rika langu walimenya ndizi na kuosha sufuria, mimi nikawekewa meza na kiti chini ya mti wa parachichi. "Mwacheni huyo, ana kalamu," wanawake walisema nikipita. Nilitumia saa nyingi kufikiria kama hiyo ilikuwa sifa au kejeli. Kwa vyovyote, nilipenda ile meza.

Mama Kerubo, mke wa Mwalimu Ombati, alifariki mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha kila alasiri. Mwalimu alikuwa amenifundisha darasa la sita, mimi na Kwamboka tuliyekaa dawati moja. Aliniita nyumbani kwake siku tatu kabla ya mazishi. Sebule ilikuwa imejaa vitambaa alivyofuma marehemu, vyeupe, juu ya makochi, juu ya redio, hata juu ya kalenda ya kanisa iliyotundikwa, kama pazia dogo. Nyumba ile ya Kisabato haikunywa chai, ingawa Mama Kerubo alizaliwa katikati ya chai, upande wa Kebirigo huko Nyamira, na aliichuma tangu utotoni mpaka alipoolewa. Niliwekewa kikombe cha soya na sahani ya viazi vitamu. Chumba cha pili wanawake walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu nguo atakayovalishwa. Mmoja alisema ile ya bluu, mwingine akasema, "Ya bluu hakuipenda, ilimbana hapa." Mwalimu alisubiri mpaka wakaafikiana. Kisha akanipa karatasi mbili za daftari la mistari.

"Hii ndiyo ya kumuaga Kerubo," alisema. "Uninyooshee nukta na herufi kubwa. Usiongeze kitu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na usipunguze."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimeandika mara tatu, Moraa. Ya kwanza na ya pili zilikuwa za kuonyesha watu kwamba mimi ni mwalimu. Nimezichoma. Hii ni yake."

Niliitikia kwa kichwa, mdomo umejaa kiazi. Kumbukumbu hii inanichoma kuliko nyingine zote, kwa sababu siwezi kusema sikuelewa. Nilielewa. Maagizo yalikuwa mawili na nilikubali yote mawili.

Nyumbani nilisoma zile karatasi nikahesabu. Neno 'nice' lilikuwamo mara kumi na moja. Mke wangu, aliandika Mwalimu, alikuwa 'nice'. Aliongea 'nice' na mama yangu, hata mama alipougua na kuwa mkali. Alikunja nguo 'nice'. Shamba lake la mboga lilikuwa 'nice', mikono yake ilikuwa 'nice', hata alivyokaa kimya kanisani kulikuwa 'nice'. Hakukuwa na neno lingine la kumsifu katika kurasa zote mbili. Nilimwonea haya Mwalimu, au ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilijionea haya mimi. Niliwaza: watu watasikia hili kwenye spika, watajua Moraa ndiye aliyenyoosha, watauliza chuo kikuu kilinifundisha nini. Tena neno lenyewe lilikuwa kwenye orodha yangu ukutani, na nilijua limetoka wapi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikalikata mara zote kumi na moja, na juu ya kila mkato nikaandika neno refu. Nilipomaliza nilisoma kwa sauti, peke yangu chumbani, nikajisikia fahari. Kama kuna siku katika maisha yangu ningependa mtu aingie bila kubisha hodi, ni ile.

Kwamboka alikuwa na saiba pale sokoni Mosocho, chumba cha mabati chenye kompyuta moja na printa iliyofanya kazi baada ya kupigwa kofi. Jirani walikaanga mandazi, na kila alichochapa kilinukia mandazi. Alipenda kazi za mazishi. Alizipanga vizuri, picha hazikuvutika, majina hayakukosewa, na kamati zote za pale zilimwendea. Nilipofika kulikuwa na waendesha boda boda wawili wanachaji simu. Kwamboka akaanza kuchapa, akasimama.

"Moraa, hii nais umekata zote?"

"Hilo neno halifai mazishi," nilisema. "Wewe hujui tu lilikotoka. Lilianzia kwenye Kilatini, likapita kwa Wafaransa. Maana yake ya kwanza ni mtu asiyejua kitu. Mjinga."

Mmoja wa wale vijana aligeuka. "Wacha! Kuna dem aliniambia niko nais. Kumbe nilitusiwa na nikamnunulia soda?"

"Hukutusiwa," Kwamboka alisema bila kuinua macho. "Alikuona tu."

Tulicheka wote. Nikaendelea kufafanua, maana nilikuwa nimepata watu wa kunisikiliza, na sikuwa nimewapata kwa miezi. Nilieleza sehemu ya kwanza ya neno, ile inayokanusha, na ya pili, ile ya kujua, na jinsi zilivyoshikana. Kwamboka alisubiri nimalize.

"Mwalimu amepitia hii?"

"Amepitia."

"Amepitia ikiwa hivi, na haya mekundu?"

"Ndiyo."

Aliweka kidole kwenye neno moja. "Hili hapa mimi hata kulichapa limenishinda. Moraa, kweli amesoma?"

"Amesoma, Kwamboka. Chapa."

Siku ya mazishi mvua ilisubiri. Nilikaa karibu na spika, mahali ambapo ningeonekana vizuri watu wakiulizana nani ameandika. Watoto, mashemeji, kikundi cha akina mama cha kanisa, wote walisoma. Kisha Mzee Nyakundi, mwenyekiti wa kamati aliyekuwa pia mwongoza shughuli, akamwita Mwalimu. Alikuja na suti ya kijivu iliyomzidi mabega, akafungua kijitabu, akasoma sentensi ya kwanza, iliyokuwa ya kwake, jina la mkewe na alikozaliwa. Kwenye ya pili akasema, "Mag." Spika zililipeleka ng'ambo ya bonde. Akajaribu tena. "Magna." Nilikuwa nimeandika 'magnanimous', yaani mwenye moyo mkubwa. Alisogeza kijitabu karibu na macho, akakipeleka mbali. Kati ya wanafunzi waliokuja na sare zao mtoto mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mwalimu akaruka mstari, akakutana na neno lingine kama lile, akasimama. Halafu akafanya jambo ambalo naliona hata sasa: alikifunga kijitabu na kutazama jalada, kuhakikisha kama picha ni ya mkewe. Ilikuwa ya mkewe.

"Hii si yangu," alisema kwa Ekegusii. Hakuwa anatuambia sisi. Alikuwa amegeukia jeneza. "Kerubo, hii si yangu."

Akarudi kukaa. Kila mtu aliona mikono yake inatafuta mahali pa kukaa na haipati.

Mzee Nyakundi alinyakua kipaza sauti kwa sababu kimya kilikuwa kinazidi. "Poleni, poleni sana watu wetu. Hizi saiba zetu! Huyu msichana wa hapa Mosocho ametuletea maneno ya maiti mwingine. Sasa mtu anaaibishwa siku kama hii." Umati uliguna. Vichwa viligeuka kumtafuta Kwamboka, aliyekuwa amesimama kando ya meza na boksi la vijitabu vilivyobaki. Hakumtazama Mzee Nyakundi. Alinitazama mimi. Hakunyoosha kidole wala kufungua mdomo. Alinitazama tu na kusubiri, kama mtu anayekushikia mlango. Nilikuwa hatua nne kutoka kwenye kipaza sauti. Niliinamisha kichwa, nikaanza kusoma kijitabu kwa makini, nikapata kosa la nukta ukurasa wa tatu. Mama Kerubo akateremshwa kaburini bila neno la mumewe.

Baadaye nilikwenda kwa wanawake kwenye moto, nikaomba kisu. "Leo kalamu imeisha wino?" mmoja aliuliza, nikacheka kama wenzangu. Nilipewa sahani za kuosha. Niliinama juu ya karai, wao wakiongea juu ya kichwa changu.

"Yule wa saiba hata shule alimaliza?"

"Alimaliza wapi! Kompyuta alifundishwa na shemeji yake."

"Kamati ingempa Moraa hiyo kazi yote. Si huyu hapa amesoma mpaka akamaliza?"

"Moraa ni mtoto mzuri. Ona anaosha vyombo na digrii yake."

Nikaosha. Chakula kilikuwa ndizi na maharagwe na obokima, ugali wa wimbi, na mboga ya chinsaga iliyopikwa na maziwa, ile ninayoipenda, nikala sahani nzima. Watu husema aibu hufunga koo. Yangu haikufunga. Nilikula nikaongezewa, na nimeshindwa kujisamehe hata hilo.

Miezi iliyofuata kamati zilianza kupeleka kazi mjini Kisii. Nilisikia kwenye posho mill mtu akimwonya mwenzake, "Usimpe huyo, alimharibia Mwalimu." Nikachukua unga wangu nikaondoka. Mbele ya saiba viti vilibaki vitupu, kisha vikaingizwa ndani, na mwezi wa Agosti mlango ukawa na kufuli. Kwamboka alihamia Kebirigo kwa dada yake. Mimi niliandika ujumbe wa simu mara nyingi kiasi kwamba simu ilianza kunipendekezea neno samahani nikiandika herufi mbili tu. Sikutuma hata mmoja. Niliona wa kwanza ni mfupi mno, wa pili unajitetea, wa tatu unaweza kusambazwa kwenye magrupu. Badala yake nilisoma. Nilirudi kwenye lile neno, nikasoma kila nilichoweza kupata, na nikagundua kwamba lilikuwa limesafiri mbali kuliko nilivyowaeleza wale vijana wa boda boda. Kutoka kwa mjinga lilienda kwa mpumbavu, likaenda kwa mtu wa kuchagua sana, asiyeridhishwa na kitu, kisha kwa mtu makini, anayekagua jambo mpaka chembe ya mwisho. Uzuri ulikuja mwisho kabisa. Nilikuwa nimeshika mwanzo wa neno na kujifanya nimelishika lote. Nilijiona nimejifunza jambo kubwa. Sasa naona nilikuwa najificha. Nilisoma kurasa na kurasa kuhusu neno lile ili nisitembee dakika kumi hadi nyumbani kwa mtu niliyemnyang'anya.

Kilichonitoa chumbani ni Mzee Nyakundi. Alikuja mwezi wa Januari, akakaa, akasema Mwalimu anaandaa ibada ya shukrani mwaka ukitimia, na kamati imeamua kijitabu nikishughulikie mimi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, "ili kisiharibiwe tena na wale." Alisema hivyo huku akinitazama kwa upendo. Nilimwambia nitafikiria. Alipoondoka nilinawa uso nikaenda kwa Mwalimu kabla sijaanza kupanga maneno.

Nilimkuta jikoni anakoroga soya mwenyewe, imeshika chini. Vile vitambaa vya sebuleni vilikuwa vimefuliwa na kurudishwa vikiwa vimepinda. Sikukaa. Nilisema, "Mwalimu, ni mimi niliyebadilisha. Na nilimdanganya Kwamboka kwamba umesoma."

"Najua," alisema. "Kaa, kuna viazi."

Aliingia chumbani akarudi na zile karatasi mbili zenye mikato yangu. Kwamboka alikuwa amempelekea siku ya tatu baada ya mazishi, hakusema mengi, alimwachia tu. "Hata asingesema neno," Mwalimu alisema. "Nani alikufundisha kukata neno kwa mstari mmoja ulionyooka, lisomeke chini yake?"

"Mbona hukusema, Mwalimu?"

"Langu nililisema siku ile. Nilisema si yangu, mbele ya watu wote. Lako ningelisemaje?"

"Na Kwamboka?"

Alikoroga sufuria kwa muda. "Hapo mimi nina kosa. Nilimwambia, mpe Moraa wiki mbili, atakuja. Nilikuwa na hakika. Halafu wiki mbili zikawa mwezi, na mimi nilikuwa na msiba, sikuwa nahesabu vizuri." Akaniwekea kikombe. "Sasa niambie. Lile neno lilikuwa na ubaya gani?"

Nikamweleza asili yake, Kilatini na Kifaransa, kwa sauti ndogo. Alisikiliza kwa adabu, kama alivyowasikiliza wanafunzi waliotoa jibu lisilo sahihi kwa kirefu.

"Kerubo alilipata kwingine," alisema. "Kwao Kebirigo, kwenye kituo cha kununulia majani chai. Unamwaga kikapu chako mezani, karani anapitisha mkono. Anatafuta jani gumu, kijiti, lolote ambalo si majani mawili na kichipukizi. Wengi walirudishiwa wachambue upya. Akifika kwa Kerubo anapitisha mkono mara moja, mara mbili, halafu anasema, 'nice', na kupima. Msichana wa miaka kumi na minne. Hakuna aliyewahi kumwambia neno la Kiingereza kabla ya hilo. Tulipooana akaanza kunikagua mimi. Kila asubuhi kabla sijaenda shule anageuza kola, anageuza mikono ya shati, ananizungusha, kisha anasema, 'nice'. Asiposema, narudi ndani kubadilisha. Miaka thelathini na minane, Moraa. Nilitaka siku ile mara moja nimwambie mimi. Nipitishe mkono juu ya maisha yake yote, nimwambie."

Ndani yangu kulikuwa na sauti iliyotaka kumweleza kwamba maana hiyo ya kukagua ilikuwamo kweli, katikati ya safari ya neno, kwamba karani wa chai alikuwa sahihi kuliko mimi. Niliimeza pamoja na soya. Nilipomaliza kikombe alisema, "Mimi nimekusikia. Nenda Kebirigo."

Kwamboka alikuwa na kibanda cha kutoa fotokopi na kuuza kalamu, kando ya duka la mbegu. Aliponiona aliendelea kubandika picha za pasi kwenye kadi. "Karibu mgeni wa Kilatini," alisema.

"Kwamboka, nimekuja kuomba msamaha."

"Nilikuuliza mara ngapi siku ile?"

"Mara mbili."

"Tatu. Ya tatu nilikuangalia usoni." Alichukua mkasi, akakata picha ya mtu. "Na pale mazishini nikasema Moraa atasimama. Tumekaa dawati moja, ananijua. Nikasema, sasa anasimama. Sasa. Mpaka wakamaliza kufukia nilikuwa bado nasema sasa."

"Nisamehe. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Wangekufanya nini, wangekunyang'anya digrii?" Mteja akaingia, akamhudumia, akamrudishia karatasi zake zikiwa zimepangwa na kubanwa. Mteja alipotoka alisema, bila hasira, jambo lililonifanya nitamani hasira: "Hiyo samahani yako umeninong'onezea hapa dukani. Mimi nilitukanwa kwa spika."

Ibada ya shukrani ilikuwa Aprili, mvua ile ile. Mwalimu alikataa kijitabu. Alisema atasoma mwandiko wake mwenyewe. Nilimwendea Mzee Nyakundi kabla hawajamwita, nikamwomba kipaza sauti. Alinipa akitabasamu, akidhani nina wimbo. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa nne na kuiacha nyumbani makusudi. Nilisema kwa Ekegusii kwamba mwaka jana si saiba iliyoharibu, ni mimi. Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka ng'ambo ya bonde, ikasema ni mimi mara ya pili. Kimya kilichofuata kilinitisha, na nikitishika naongea. Nikaanza kueleza kwa nini. Nikaeleza kwamba neno lile lilikuwa na historia ndefu, kwamba mwanzo wake ulikuwa Kilatini, kwamba Wafaransa—

"Moiseke, binti, ngoja." Alikuwa dada yake Mama Kerubo, aliyekuja kutoka Nyamira, mwanamke mwembamba aliyevaa koti la kiume. Alikuwa bado amekaa. "Mwalimu aliandika, ukakata?"

"Ndiyo."

"Ukasema amesoma, na hajasoma?"

"Ndiyo."

"Ukaacha mtoto wa watu abebe?"

"Ndiyo."

"Basi tumesikia. Hao Wafaransa waache walale. Keti."

Watu walicheka, na kicheko kilikuwa kikubwa. Mzee Nyakundi alipokea kipaza sauti bila kunitazama, akavua kofia. Kwamboka alikuwa amekuja, safu ya mwisho, karibu na wapishi. "Kwamboka," alisema, "yale maneno niliyasema mimi, hapa hapa." Akatafuta ya kuongeza, hakupata, akabaki na kofia mkononi. Kwamboka aliitikia kwa kichwa mara moja. Hakurudi kufungua Mosocho. Bado yuko Kebirigo, na tukikutana tunasalimiana kama watu waliosoma shule moja.

Nilikaa nikiwa na uso wa moto, nikisubiri. Sitadanganya kwamba sikusubiri. Nilitaka mtu anishike bega, anong'one kwamba nimefanya vizuri, kwamba yamekwisha. Nilipanga hata nitakavyojibu. Mbele, Mwalimu Ombati alikuwa amefunua karatasi zake mbili, amezielekeza upande wa kaburi, na ameanza kusoma polepole, akitua kwenye kila kitu alichokitaja, shamba, nguo, mikono, kabla ya kusema lile neno. Mara ya nne akina mama wa Nyamira walianza kulisema pamoja naye. Nilitazama kushoto na kulia. Hakuna aliyenigeukia. Walikuwa wanamsikiliza Mwalimu.